Jina Nililokupa Nikiwa Nimeonywa

Zapriana mwanangu,

Umetoka na dada zako kwenda Bur Dubai kutafuta koti la baridi, na kwa ninavyowajua nyinyi, mtaingia kila duka, mtamchosha kila muuzaji, kisha mtarudi kununua lile la kwanza. Kwa hiyo nina alasiri nzima. Baba yako yuko kazini mpaka magharibi. Nimekaa kwenye meza ya kula na daftari lako la zamani la biolojia, lile lililobaki kurasa nyingi, maana katika nyumba hii hakuna aliyewahi kununua karatasi ya barua.

Mambo ya soksi, dawa ya mafua na kutomwamini kila anayekuchekea, dada yako Mwanahawa amekuandikia yote na kuyapigia mistari. Siyarudii. Ninalotaka kukuambia mimi hakuna mwingine anayelijua, si hapa wala Tanga, na usipolisikia kwangu utalisikia kwa mtu wa uhamiaji kesho ukishuka Sofia, Bulgaria, au kwa mwanafunzi mwenzako wa siku ya kwanza, naye atakuambia huku akicheka.

Jina lako si waridi.

Halijawahi kuwa. Zapriana ni jina la Kibulgaria kweli, hapo sikukudanganya, lakini linatokana na neno lao la kusimamisha, la kukomesha. Zamani, hasa vijijini, nyumba ikijaza watoto wa kike mmoja baada ya mwingine, yule wa mwisho aliitwa hivyo ili mabinti wakome kuja. Wapo pia waliompa mtoto jina hilo nyumba ikiandamwa na vifo, ili vifo ndivyo vikome. Nilikaa wiki nzima nikifikiria kukuambia hiyo ya vifo, maana inapendeza: mama aliyezika watoto, akaomba huyu abaki. Sikuzika mtoto yeyote kabla yako. Dada zako watatu walikuwa wazima, wanene, wanagombania rimoti ya televisheni siku niliyokuzaa. Wewe ulikuwa binti wa nne, na mimi nilikuita Koma.

Pumua kwanza. Kisha endelea, maana hilo ndilo jepesi.

Jina nililipata kwa mwenyewe. Wakati huo nilikuwa nikichemsha chai na kufagia katika ofisi moja ya mizigo kule Freezone ya uwanja wa ndege, palepale baba yako alipokuwa mtunza ghala. Kulikuwa na mama mmoja Mbulgaria, mtu mzima, aliyeshughulikia karatasi za forodha. Tulimwita Madam Zapriana. Alikuwa mkali kwa madereva na mpole kwangu. Chai yake ilikuwa ya rangi, bila sukari, na aliinywa kwenye ngazi za nyuma ya ghala akivuta sigara. Siku moja, tumbo langu likiwa limeshanitangulia mbele, akaniuliza kama nimeshachagua jina. Nikamwambia akiwa wa kike tena nitamwita jina lolote litakalokuwa karibu.

Akacheka. "Basi mwite langu," akasema. "Unajua jina langu ni nini? Jina langu ni Khalas."

Hapa Dubai nani asiyejua khalas, yaani basi, imetosha? Ndilo neno la kwanza analojifunza mtu akishuka kwenye ndege, kabla hata ya shukran. Nikacheka naye. Akanieleza kwamba kwao walizaliwa wasichana sita, yeye wa sita, na baba yake alipopewa habari hakwenda hata kumtazama, alituma jina tu. Halafu akaacha kucheka. Akasema kwa Kiingereza chake kizito maneno ambayo kwa lugha yetu ni haya: "Kila asubuhi mama aliniita nije kula, na kila akiniita aliniambia nikome. Yeye alishasahau maana yake. Mimi sikusahau."

Mtu mwenye moyo angelia naye. Mimi nilikuwa nasuuza vikombe na huku nalirudia lile jina mdomoni, nikaona linatamkika vizuri, lina madaha, na kwetu hakuna atakayejua. Ndivyo nilivyokuwa, mwanangu. Mtu ananionyesha kidonda, mimi natazama kitambaa alichokifungia.

Ulipozaliwa alikuja hospitali na kifurushi cha nguo za mtoto. Nikamwambia nimekupa jina lake. Nilidhani atanikumbatia. Alibaki amesimama, kifurushi kiko mkononi.

"No," akasema. "No, Mwajuma. Ule ulikuwa utani. Usimfanyie mtoto hivyo. Yalla, haraka, badilisha, bado mapema. Mwite Rada. Kwetu Rada ni furaha."

"Khalas, madam," nikamjibu. "Karatasi imeshaandikwa."

Ulikuwa uongo. Fomu ilikuwa kwenye droo kando ya kitanda, tupu. Baba yako alikuja jioni na kalamu yake, akaniuliza maana ya jina, nikamwambia ni waridi, maana nilikuwa nimesikia kwamba nchi hiyo inalima mawaridi. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri, herufi kwa herufi. Baba yako mpaka leo anaamini ana binti anayeitwa ua.

Nilipomaliza likizo ya uzazi nikarudi kazini, nikakuta Madam Zapriana ameleta birika lake mwenyewe. Hakuninunia wala hakunisema kwa mtu. Alinisalimu kila asubuhi, kisha akajichemshia chai. Niliona anajidai. Nilichukua miaka kuelewa kwamba nilikuwa nimeonywa na mtu pekee aliyejua jina hilo linavyouma kutoka ndani, nami nikamziba mdomo kwa neno lake mwenyewe. Ukija kuonywa na mtu aliyeumia, hata kama Kiingereza chake kibovu, hata kama ananuka sigara, mwachie amalize.

Sasa nije kwa bibi yako, mama yake baba yako. Natamani baba yako arudi mapema sasa hivi ili nipate kisingizio cha kuacha.

Unajua hadithi niliyokulea nayo. Kwamba bibi yako aliposikia umezaliwa wa kike alisonya kwenye simu. Kwamba alitaka mjukuu wa kiume na akatishia kumtafutia baba yako mke mwingine. Kwamba mimi, peke yangu, mzazi mchanga katika nchi ya watu, nikasimama kidete nikasema mwanangu ni waridi na jina lake litakuwa waridi. Uliipenda hadithi hiyo. Ulikuwa ukiniomba niirudie nikikusuka, na kila mara nilimwongezea bibi yako ubaya kidogo, kama mtu anayeongeza pilipili kwenye mchuzi kwa sababu wageni wamesifia.

Bibi yako alilia kwa furaha. Hivi ndivyo alivyosema, nami nilikuwa na simu sikioni: "Wa nne! Alhamdulillahi! Nani sasa atatuzidi kwa harusi mjini hapa?" Na kwa kuwa kwetu jina la mtoto hutoka upande wa baba, alikuwa nalo tayari. Akasema, "Mwiteni Hidaya. Huyo ni zawadi ya uzee wangu." Mimi nikasema ndiyo mama, nikakata simu, nikageukia ukutani. Siku ya saba alipopiga kuulizia Hidaya wake, nikamwambia kwamba baba mtoto ameshaandikisha jina jingine. Akasema Mungu alikuze, akauliza kama napata supu.

Aliyetaka mtoto wa kiume nilikuwa mimi. Si baba yako, ambaye alikubeba kuanzia mlangoni mpaka kwenye teksi akikuimbia. Mimi. Mama yangu alizaa mabinti watano, baba yangu akaoa mke wa pili akazaa wanaume wawili, na nilimwona mama yangu kwa macho yangu akimpikia mke mwenzie uji wa uzazi. Nikaapa hayatanikuta. Hiyo ni sababu tu, isikusumbue. Mama yako mkubwa alikulia nyumba hiyohiyo, akauona uji huohuo, na akawapenda mabinti zake bila taabu yoyote.

Ulipokuwa na miaka mitatu nilishika mimba nyingine. Wakaniambia ni wa kiume. Nikashona vitu vya rangi ya samawati, nikatembea korido za jengo letu la Discovery Gardens kama mke wa waziri. Akakaa miezi mitano, akatoka. Niliporudi nyumbani ulinikimbilia mlangoni, ukanishika gauni, nami nikakutazama nikasema, "Umemkomesha mpaka mdogo wako."

Ulikuwa na miaka mitatu. Hukuelewa. Ulisema, "Ndiyo, Mama," kwa sababu ndivyo ulivyokuwa ukijibu kila kitu mwaka ule.

Tangu siku hiyo sikukuita jina. Kama miaka miwili na ushei hivi nilikuita "wewe." Wewe njoo kula. Wewe vaa viatu. Dada zako walikuwa na majina, na wewe ulikuwa wewe. Baba yako alidhani ni mazoea. Nilikulisha, nilikuogesha, nilikupeleka chanjo, hakuna jirani aliyeweza kuninyooshea kidole. Unaweza kumnyima mtoto na sahani yake imejaa. Nimelijua hilo kwa kulifanya.

Hutaniuliza lini nilianza kukupenda, una adabu, kwa hiyo nikuambie tu. Ulikuwa na miaka sita. Nilikuwa nakaanga vitumbua vya kuuza, jambo ambalo jengo letu halikuruhusu, na mtu akatushtaki. Akaja mlinzi, yule Mganda mrefu. Nikajibanza nyuma ya mlango na mwiko mkononi, wewe ukafungua.

"Mtoto, mama iko wapi?" akauliza. "Watu wanasema hapa kuna kupika ya biashara."

"Mama hayupo," ukasema. "Na hii harufu inatoka kwenye kiyoyozi cha jirani. Na sisi inatusumbua."

Mlinzi akacheka mpaka akashika ukuta. Ukamwambia asubiri, ukamletea vitumbua viwili, ukamwambia ni vya jirani. Nilikaa chini pale nyuma ya mlango nikicheka bila sauti, na nikasikia kitu kikifunguka kifuani, kikauma kama mguu uliokufa ganzi unapoamka. Nikasema kwa sauti, "Zapriana, njoo hapa." Ulikuja mbio. Ulikuwa hujalisikia jina hilo mdomoni mwangu muda mrefu, na uliponifikia uliniuliza, "Mimi?"

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imekwenda miaka kumi na tisa na bado inatafuta barabara. Mwanzoni nilidanganya kwa kiburi. Baada ya vile vitumbua nilidanganya kwa woga, na huo uongo wa woga ndio uliokudhuru zaidi, kwa sababu nilianza kuupamba. Ulipotakiwa shuleni kueleza maana ya jina lako, ni mimi niliyekaa nawe sakafuni kukata mawaridi ya karatasi nyekundu. Ulipewa zawadi. Ulipokuwa na miaka kumi na mbili ulikuja na simu mkononi, umesoma kitu, uso umebadilika, ukaniuliza kama ni kweli. Nilikuwa nachambua mchele. Sikuinua hata macho. Nikasema, "Utaamini simu au utaamini mama yako, aliyeambiwa na mwenye jina, mdomo kwa mdomo?" Ukaizima simu ukanikumbatia shingoni. Ukaomba msamaha, Zapriana. Wewe uliniomba mimi msamaha, nami nikakupokea.

Halafu ile likizo ya Tanga, ulipokuwa na miaka kumi na mitano. Bibi yako alikuwa amekaa barazani tangu asubuhi akitusubiri, amevaa kanga mpya. Dada zako wakapita mmoja mmoja, shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu. Ikafika zamu yako. Ukamtazama, ukaingia ndani bila kufungua mdomo. Mkono wake ulibaki umenyooshwa. Ulikuwa unanilipia kisasi. Ulikuwa unamwadhibu kwa yale ambayo hakuyafanya, kwa ajili yangu, na nilisimama palepale nimeshika begi.

Wiki tatu hukumpa shikamoo hata moja. Siku ya kuondoka akanivuta jikoni, akaniuliza, "Mwajuma, nimemkosea nini yule mtoto? Niambie nimwombe radhi." Mtu mzima yule, alikuwa tayari kumwomba radhi mtoto. Nikamjibu, "Ni utoto tu, mama. Watoto wa Dubai hawa." Tukapanda gari. Alifariki kabla ya likizo nyingine. Ulipoambiwa ulisema, "Mungu amrehemu," kwa sauti kavu, na nikaona uso wangu umekaa kwenye uso wako.

Majuto ni mjukuu, waliosema hivyo sijui kama walimjua wangu. Sikuombi ubebe hili nami. Hukuwa na kosa, ulimwamini mama yako, na mtoto hana kazi nyingine. Lakini nakupa kitu kimoja nilichojifunza kwa bei ya bibi yako. Mtu akikupa hadithi ambayo wewe ndiwe mwonewa na yeye ndiye mlinzi wako, mpende ukitaka, ila nenda ukamsalimu yule mbaya wa hadithi. Msikie sauti yake japo mara moja.

Nilidhani nitakufa na siri yangu salama. Nani angejua kwamba kati ya nchi zote duniani, utaomba ufadhili wa udaktari Bulgaria? Na uliomba kwa sababu ya jina. Uliandika kwenye barua ya maombi kwamba unatamani kuona mawaridi uliyoitiwa. Ulinisomea. Nikasema imekaa vizuri, rekebisha nukta pale.

Siku ya mahojiano kwenye kompyuta nilikuwa koridoni nakunja nguo, mlango uko wazi. Nilimsikia yule mama wa chuo akisema jina lako ni la kizamani sana, halafu akauliza, "Mko mabinti wangapi nyumbani?" Ukamjibu wanne, mimi wa mwisho, na jina langu ni waridi, mama yangu alinipa ili kunitetea. Kukawa kimya. Nilikijua kimya kile, nilikisikia kwa mara ya kwanza hospitali, kifurushi kikiwa mkononi. Kisha akasema polepole, "Mama yako amekupenda sana." Ukatoka chumbani unang'aa. Ukaniambia, "Mama, Wabulgaria wana adabu, wanaulizia mpaka ndugu zako!" Nami nikakunja shati moja la baba yako mara tatu.

Mgeni alikuonea huruma akanisitiri mimi. Hapo ndipo nilipoona haya, si mbele ya Mungu, si mbele ya marehemu, bali mbele ya mwanamke nisiyemjua aliyelazimika kusema uongo wangu kwa niaba yangu.

Kama utalibadili jina au utabaki nalo, mimi sina neno la kusema. Nilishalisema vya kutosha. Wala sitakuambia kwamba nakupenda kuliko dada zako ili kufidia, kwa sababu si kweli. Nakupenda sawa nao, na nilichelewa miaka sita, na miaka hiyo haipo mahali popote ninapoweza kwenda kuichukua.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii na kuitia kwenye mfuko wa ndani wa hilo koti jipya, uikute ukiwa angani. Nilijiambia ni huruma, ulale vizuri usiku wako wa mwisho nyumbani. Nimeisoma tangu juu, nimeona ni nini. Ni mimi tena, natafuta mahali ambapo mtu hawezi kunijibu. Bibi yako hakunijibu kwa kuwa hakuambiwa. Ulipokuwa na miaka mitatu ulinijibu "Ndiyo, Mama." Kesho ningekufungia kwenye kiti cha ndege na mkanda, uso wangu uko mbali, na wewe umebanwa kati ya watu wawili usiowajua ukijizuia kulia.

Kwa hiyo utaisoma leo, hapa mezani, nikiwa nimekaa mbele yako. Dada zako nitawaambia watoke. Usiharakishe kunisamehe kwa kuogopa kukosa radhi ya mzazi safarini. Radhi zangu unazo hata ukinitukana, nimeshazitoa, hazirudi. Ukitaka kupiga kelele, piga, majirani watatusamehe. Ukimaliza, ukiona hutaki nikufikishe uwanjani, sema hivyo tu. Baba yako nitamweleza mwenyewe kwa mdomo wangu, yote, na ya mama yake, na wewe utakwenda naye.

Nawasikia kwenye korido. Unacheka, sijui Mwanahawa amekuambia nini. Nimesimama kukufungulia kisha nimekaa tena, nimalizie mstari huu.

Ingia, mwanangu. Weka koti kwenye kiti. Kaa usome.

Mama yako